Kicheko Mpakani: Vichekesho vya Mtandaoni, Siasa na Kiswahili, Kutoka Majanji hadi Busia



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumzia vitabu, mitaala na mitihani. Safari hii tumeona tuzungumzie kicheko. Wapo watakaosema kwamba hilo si jambo la idara ya chuo kikuu. Tunawaomba watuvumilie hadi mwisho, kisha waamue.

Tulikwenda Majanji na wanafunzi wetu. Majanji ni mwalo wa wavuvi ulio kwenye Ziwa Viktoria, kusini mwa wilaya ya Busia nchini Uganda, na kutoka hapo Kenya haiko mbali kwa mtumbwi. Dagaa walikuwa wameanikwa juu ya nyavu. Uganda huwaita mukene, Kenya huwaita omena, na jua huwakausha bila kujali jina. Chini ya kibanda, vijana wanne walikuwa wameinamia simu moja. Walikuwa wakitazama kichekesho kifupi kutoka Nairobi: mtu anagombana na sauti ya mashine inayomwambia abonyeze moja, abonyeze mbili, huku pesa zake zikiwa zimekwenda kwa asiyemjua. Walicheka hadi machozi. Mwanafunzi wetu mmoja akawauliza walikojifunzia Kiswahili. Wakainua simu. Mzee aliyekuwa akishona wavu kando yao akadakia kwamba yeye alikijua kwa askari, na kwamba enzi zake hakuna aliyekicheka.

Maneno hayo ya mzee ndiyo yaliyotuandikisha makala haya. Ilikuwaje lugha iliyokuja kama amri ikageuka kuwa lugha ya kicheko? Na wanaochekesha, hasa wanaocheza na siasa, wanalipa nini?

Mpaka na maneno yake

Tuanze na ardhi. Mpaka tunaouona leo haukuwa hapa daima. Hadi mwaka 1902 mkoa wa mashariki wa Uganda ya kikoloni ulienea mpaka karibu na Naivasha. Mwaka huo Waingereza waliuhamishia upande wa himaya yao ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ilikuja kuitwa Kenya. Wasamia wakajikuta pande mbili, na Wateso vilevile. Busia ikawa miji miwili yenye jina moja. Kwa upande wa Uganda, wilaya ya Busia ilimegwa kutoka Tororo mwaka 1997, lakini wenyeji wa Tororo na Busia bado hukutana sokoni na lugha zao: Kisamia, Kilugwe, Kiteso, Kidhopadhola, Kiganda na Kiswahili.

Mahali kama hapa huzaa maneno. Neno boda boda, ambalo leo linatumika Afrika Mashariki nzima, lilizaliwa katika mpaka huu, baiskeli zilipokuwa zikibeba abiria na mizigo kutoka kizuizi cha upande mmoja hadi cha upande wa pili. Neno magendo nalo lilishika mizizi humu katika miaka ya 1970, uchumi wa Uganda ulipoporomoka na kahawa ikawa inavushwa usiku kwenda Kenya. Mvushaji, askari na mpita njia walihitaji lugha moja ya kuelewana haraka. Mara nyingi lugha hiyo ilikuwa Kiswahili, tena Kiswahili kilichopunguzwa viambishi: iko, hapana iko, leta, toka.

Hapo ndipo penye kidonda. Idi Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na Waganda wengi wakakishika kichwani pamoja na kumbukumbu za bunduki. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri liliidhinisha kianze kutumika rasmi na kufundishwa shuleni kwa lazima. Sheria hutungwa kwa siku moja, lakini hofu huchukua muda kutoka moyoni. Mwaka 2017 wanajeshi walianza kufanya doria ziwani kupambana na uvuvi haramu, kwa hiyo hata kijana wa leo anayeishi mwaloni anaweza kukisikia Kiswahili kwanza kutoka kwa mtu aliyevaa magwanda. Mwalimu anayeingia darasani Majanji na kitabu cha sarufi hukutana na hofu hiyo kabla hajafungua ukurasa wa kwanza.

Kutoka jukwaani hadi kwenye kioo

Vichekesho vya Kiswahili vina historia ndefu kuliko simu. Nchini Tanzania vilichezwa kati ya nyimbo na ngoma katika maonyesho ya vikundi vya sanaa. Nchini Kenya, redio iliwapa umaarufu Mzee Pembe na Kipanga Athumani, kisha runinga ikaleta Vitimbi na Vioja Mahakamani. Aliyekuwa nguzo ya Vitimbi, Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015, alikuwa Mkikuyu lakini dunia ilimjua kama Mzee Ojwang', mzee wa Kiluo mwenye Kiswahili cha lafudhi ya ziwani. Watazamaji wengi hawakujua kama ile lafudhi ni ya kuvaa.

Katika vichekesho hivyo vya mwanzo, aliyechekwa alikuwa mlevi, mke mkali, bwana mbahili au mshtakiwa mjinga. Rais hakuguswa. Mabadiliko yalikuja mwishoni mwa miaka ya 1990, vijana watatu waliotoka Chuo Kikuu cha Kenyatta, Walter Mong'are, John Kiarie na Tony Njuguna, walipounda kundi la Redykyulass na kumwigiza Rais Daniel arap Moi angali madarakani. Kwa Wakenya waliokulia katika woga, kuisikia sauti ile ikiigizwa mbele ya watu ilikuwa kama dirisha kufunguliwa. Mwaka 2009 kikafuata kipindi cha XYZ, kilichotumia vikaragosi kuwakejeli wanasiasa. Mwanzilishi wake ni mchoraji katuni Godfrey Mwampembwa, maarufu kama Gado, mzaliwa wa Tanzania aliyejenga jina lake Nairobi. Kule Dar es Salaam, kundi la Ze Comedy, lililokuja kuitwa Orijino Komedi, liliwavuta watazamaji wengi kwa kuwaigiza watu mashuhuri.

Busia nayo ilitoa mtu wake. Charles Bukeko, aliyejulikana kwa jina la Papa Shirandula, alianza kuonekana katika kipindi hicho mwaka 2007, akicheza mlinzi wa Nairobi anayeificha familia yake kijijini ukweli wa kazi anayofanya. Papa ni neno ambalo Waluhya humwitia baba. Alifariki Julai 2020 kwa ugonjwa wa korona, akazikwa kijijini kwao katika kaunti ya Busia. Mlinzi yule alichekesha kwa sababu kila familia ya mpakani ina mtu wake mjini, na haina hakika kabisa anafanya nini huko.

Simu yaingia

Mwaka 2009 nyaya za baharini zilifika Mombasa. Uganda haina bahari, hivyo sehemu kubwa ya mawasiliano yake hufika kwa nyaya zinazopita nchi kavu kutoka Kenya. Kwa maneno mengine, mizaha ilianza kupita njia ileile ya malori, isipokuwa mizaha haikupanga foleni kwenye forodha. Mpakani watu wengi hubeba laini mbili, ya Kenya na ya Uganda, na simu huweza kushika mtandao wa ng'ambo bila mwenyewe kuvuka.

Mchekeshaji hakuhitaji tena kusubiri kituo cha runinga kimwite. Anne Kansiime wa Uganda, mzaliwa wa Kabale na mhitimu wa Makerere, alipata wapenzi barani kote kupitia video fupi zilizosambaa katika YouTube, na kipindi chake kikaonyeshwa pia Kenya. Herbert Segujja, anayejulikana kama Teacher Mpamire, alivuka mpaka akiwa na sauti ya Rais Yoweri Museveni mdomoni, akawachekesha Wakenya kwa ukumbi mzima. Kutoka Kenya walikuja akina Njugush na Crazy Kennar, ambao kamera yao ya kwanza haikuwa studio bali sebule, uwanja na njia ya mtaani.

Teknolojia yenyewe iligeuka kuwa mhusika. Mwanasiasa hutuma ujumbe usiku na kuufuta asubuhi. Mzazi hulia kwa sababu ametuma pesa kwa nambari isiyo yake. Mhubiri huomba sadaka kwa simu. Mwaka 2020, mikutano ilipohamia kwenye kompyuta, tulimwona mheshimiwa akihutubia kwa suti na tai, na chini amevaa kaptura. Vichekesho hivi huchukua chombo kinachodaiwa kuleta maendeleo, kisha huuliza: je, tabia nayo imeendelea?

1976 na 2022

Kuna tukio moja ambalo tungependa kila mwanafunzi wa historia ya lugha alichunguze.

Februari 1976 Idi Amin alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ilikuwa ya Uganda, akikumbusha mpaka wa kabla ya 1902. Wakenya walijibu kwa maandamano makubwa, na Rais Jomo Kenyatta akakataa katakata kutoa ardhi yoyote. Mpakani watu walilala macho wazi. Desemba 1987, chini ya viongozi wengine, askari wa pande mbili walirushiana risasi hapahapa Busia na mpaka ukafungwa. Waliokuwa watoto wakati huo hawajasahau.

Sasa tazama Oktoba 2022. Jenerali Muhoozi Kainerugaba, mwana wa Rais Museveni, ambaye wakati huo aliongoza majeshi ya nchi kavu ya Uganda, aliandika katika mtandao wa Twitter kwamba yeye na jeshi lake wasingehitaji hata wiki mbili kuuteka mji wa Nairobi. Ni madai yaleyale ya ubabe. Wakenya, badala ya kuandamana, walicheka. Mitandao ilijaa mizaha: vifaru vitakwamaje kwenye foleni ya magari, wezi wa simu watawapokeaje wanajeshi, na nani atawaonyesha nyumba za kupanga. Video fupi zikatengenezwa, nyingine kwa Kiswahili cha jeshi cha kuigiza. Waganda nao wakaingia, wengine wakimcheka jenerali wao, wengine wakiwarudishia Wakenya. Jenerali aliondolewa katika ukamanda wa majeshi ya nchi kavu ingawa alipandishwa cheo, na Rais Museveni akaomba radhi hadharani. Kule Busia, kituo cha pamoja cha mpakani kilichofunguliwa rasmi na marais wa nchi mbili mwaka 2018 kiliendelea kuhudumia malori.

Hatusemi kwamba mizaha ndiyo iliyozuia vita. Serikali mbili zina sababu nyingi za kutopigana, na biashara ni mojawapo. Tunachosema ni kwamba kwa mtu wa mpakani, tofauti kati ya 1976 na 2022 ilikuwa kubwa. Mara ya kwanza alipewa tishio na hofu pekee. Mara ya pili alipewa tishio na kicheko kwa pamoja, katika lugha anayoielewa, na jirani wa ng'ambo akicheka naye. Kisiwa cha Migingo, kisichotimiza hata ekari moja, nacho kimekuwa na historia hiyohiyo: mabishano ya serikali tangu mwaka 2004, na utani usiokwisha wa wananchi juu ya mwamba uliojaa mabati.

Gharama ya kicheko

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Kwa wachekeshaji wa kanda hii methali hiyo imegeuzwa. Usaha humtumbukia yule aliyefanya mzaha.

Nchini Uganda, Julai 2018, ilianza kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii. Rais alikuwa amelalamika kwamba mitandao hiyo imejaa lugambo, yaani umbea. Kodi hiyo iliondolewa mwaka 2021 na kuwekwa nyingine ya asilimia 12 kwa data. Julai 2020 vijana wanne wa kundi la Bizonto, wanaoigiza kama watu waliorukwa na akili, walikamatwa kwa video iliyowaomba wananchi wawaombee viongozi wakuu, huku orodha ya viongozi hao ikionyesha wanatoka upande mmoja wa nchi. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, mtandao wote ulizimwa kwa siku kadhaa. Desemba mwaka huohuo mwandishi Kakwenza Rukirabashaija alikamatwa kwa maneno ya kejeli dhidi ya Rais na mwanawe. Alieleza kuwa aliteswa, na mwaka 2022 alikimbilia nje ya nchi. Kifungu cha sheria alichoshtakiwa nacho kilibatilishwa na Mahakama ya Katiba Januari 2023. Lakini Oktoba 2022, mwezi uleule ambao maneno ya jenerali yalichekwa, Rais alikuwa ametia saini marekebisho yaliyoongeza makosa ya mtandaoni.

Majirani si watakatifu zaidi. Tanzania, mchekeshaji Idris Sultan alitakiwa na polisi Oktoba 2019 kwa kubadilishana uso na Rais John Magufuli katika picha. Mei 2020 alikamatwa tena baada ya video iliyomwonyesha akiicheka picha ya zamani ya Rais, na mashtaka yaliyofuata yalihusu laini ya simu isiyosajiliwa kwa jina lake. Kenya, Desemba 2024, mchoraji kijana anayejulikana kama Kibet Bull, aliyesambaza picha za vivuli za Rais William Ruto, alitoweka pamoja na vijana wengine, akarudi Januari 2025 baada ya kilio cha umma.

Ukipanga visa hivi kwa miaka utaona jambo. Mtawala hatishwi sana na hotuba ya mpinzani, kwa sababu hotuba hujibiwa kwa hotuba. Kicheko hakijibiki. Ukikijibu, unakuwa sehemu ya kichekesho.

Nani anachekwa?

Tusije tukawavika wachekeshaji taji bila kuwahoji. Kiswahili chenyewe kinatufundisha tofauti kwa viambishi vyake. Kucheka na mtu si sawa na kumcheka mtu. Kumchekea ni kumwonyesha uso mwema, na pengine ni unafiki. Kuchekana ni jambo la walio sawa.

Vichekesho vingi tulivyovitazama hupata kicheko kwa urahisi kutoka kwenye lafudhi: Mluhya anayetamka gari kama kari, Mluo asiye na sauti ya sh, Mganda anayechanganya r na l. Vijana wa Majanji walicheka lafudhi ya Kiluhya katika simu, na wao wenyewe walikuwa nayo. Hilo ni la kucheka nao au la kuwacheka? Tulipowauliza, mmoja alijibu kwamba mlinzi wa Nairobi anachekesha, lakini Mganda wa kwenye video za Kenya humkera, kwa sababu kila mara hupewa ujinga au upole uliozidi. Jibu hilo lina uzito. Mzaha juu ya mkubwa hupunguza woga. Mzaha juu ya lafudhi ya mnyonge huongeza woga uleule tunaopambana nao darasani, kwani mwanafunzi anayeogopa kuchekwa hafungui kinywa.

Neno kwa walimu na wanafunzi

Tunapendekeza mambo matatu.

Kwanza, vichekesho vifupi viingie darasani kwa mpango. Kichekesho cha dakika mbili kina kinaya, tashtiti, taharuki, lafudhi na kuchanganya ndimi. Mwanafunzi anaweza kukiandika upya kwa Kiswahili sanifu, kisha darasa lijadili ni nini kilichopotea. Kwa uzoefu wetu, kinachopotea huwa ni kicheko, na kuuliza kwa nini ni somo zuri la isimujamii.

Pili, tuvihifadhi. Kanda nyingi za vichekesho vya zamani vya redio hazipatikani tena. Video za simu ziko hatarini zaidi: akaunti hufungwa, simu huibwa, mtengenezaji hufuta kwa hofu. Tunawaomba wanafunzi wanaotoka Busia, Malaba, Tororo na mialo ya ziwa waandike, kwa kila kichekesho wanachokutana nacho, ni lini kilionekana, kilizungumzia tukio gani na wazee wa nyumbani walikielewaje. Bila maelezo hayo, baada ya miaka 20 msomaji atauona mzaha wa wiki mbili na Nairobi asielewe unahusu nini.

Tatu, tuwe waangalifu. Mwalimu anayeonyesha kichekesho cha siasa darasani anabeba dhamana ya wanafunzi wake. Tuchague, tueleze muktadha, na tusimlazimishe mwanafunzi kusema upande wake.

Tulipoondoka Majanji jua lilikuwa linazama, na mukene walikuwa wakikusanywa. Yule mzee wa wavu alikuwa ameiomba ile simu, ameishika mbali na macho yake kama wazee wafanyavyo, anamtazama mtu anayegombana na mashine. Hakucheka sana. Lakini alimuuliza kijana maana ya neno moja, na kijana akamweleza, kwa Kiswahili.